Kitanda cha Mwanafunzi: Kutoka Mabweni ya Makerere hadi Hosteli za Kikoni

Mwezi wa Januari mwaka 1922, vijana 14 walianza masomo juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala. Walikuja kujifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kumbukumbu za chuo hicho zinatueleza kwamba vijana hao walikuwa wanafunzi wa kutwa. Wewe unayejifunza Kiswahili, litazame vizuri neno hili. Kutwa ni mchana mzima, tangu jua lichomozapo hadi lituapo. Mwanafunzi wa kutwa ni yule ambaye shule humjua mchana tu. Jua likishatua, alale wapi na ale nini ni shauri lake na jamaa zake.

Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu siku hizo. Kilima kile kile leo kina chuo kikuu chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, na walio wengi, tukiwapima kwa neno letu, wamekuwa tena wa kutwa. Jioni ikifika hushuka kilima kuelekea Kikoni, Wandegeya, Kivulu na Nankulabye, katika vyumba walivyopangishwa na watu binafsi. Wako wanaolala vizuri, na wako wanaolala kwa kubahatisha.

Katika makala haya nakualika tuifuate safari ya kitanda cha mwanafunzi wa Makerere, tangu kilipokuwa hakipo, kikajengwa na umma, kisha kikaachiwa soko. Nina sababu ya kukichagua kitu kidogo kama kitanda. Anayeamua kitanda kitapatikana wapi na kwa bei gani huamua pia, hata asiposema hivyo, nani atasoma na nani atarudi kwao.

Ardhi iliyogharimu maisha

Chuo kile cha ufundi hakikukaa na vijana 14 kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1937 kilianza kukua na kuwa chuo cha elimu ya juu, kikawapokea vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Hapo ndipo suala la malazi lilipobadilika sura. Mwana wa Kampala angeweza kulala kwa shangazi yake. Lakini Julius Nyerere, aliyesoma Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, alitoka Butiama, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Mwai Kibaki, aliyehitimu mwaka 1955, alitoka Othaya katika nyanda za juu za Kenya. Benjamin Mkapa, aliyehitimu mwaka 1962, alitoka kusini kabisa mwa Tanganyika. Vijana wa namna hiyo wasingeweza kusoma Kampala bila mtu wa kuwapa pa kulala. Chuo kilichotaka kuwahudumia watu wa nchi nyingi kililazimika kuwa chuo cha bweni.

Bweni nalo huhitaji ardhi, na ardhi ya Buganda ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1945 Martin Luther Nsibirwa, aliyekuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka wa Buganda, aliunga mkono sheria ya kuwezesha ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma, na upanuzi wa Makerere ulikuwa miongoni mwa manufaa hayo. Watu wengi waliiogopa sheria hiyo. Waliona kwamba leo itatwaliwa ardhi ya chuo, na kesho Waingereza watapitia mlango huo huo kutwaa ardhi nyingine. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa maana jirani zao wa Kenya walikuwa wamekwisha kuonja unyang'anyi wa ardhi. Tarehe 5 Septemba 1945, Nsibirwa alipigwa risasi na kufa mbele ya kanisa kuu la Namirembe. Bweni moja la Makerere, ambalo kwa miaka mingi liliitwa Northcote, leo linaitwa Nsibirwa. Kila mwanafunzi anayelala humo analala chini ya jina la mtu aliyeuawa wakati wa ugomvi juu ya ardhi ya chuo.

Mwaka huo huo wa 1945 wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, walipokelewa chuoni. Kaulimbiu ya zamani, iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume, ilibidi ibadilishwe. Ikaja nyingine isemayo kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Kwa wazazi wa wasichana hao, swali la kwanza halikuwa juu ya vitabu. Lilikuwa swali la mzazi yeyote hadi leo: binti yangu atalala wapi, na mlango utafungwa na nani?

Mwaka 1949 Makerere ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na maisha ya bweni yakaimarika kwa mtindo wa Kiingereza: mlezi wa bweni, ukumbi wa chakula, vyama vya michezo na midahalo ya jioni. Mabweni yakawa na majina, rangi, nyimbo na utani wa jadi. Hata leo mwanafunzi wa Makerere husajiliwa chini ya bweni fulani, awe analala humo au halali. Jambo hilo lina maana kubwa. Ni kumbukumbu ya wakati ambapo kuwa mwanafunzi na kuwa na kitanda kilimani vilikuwa kitu kimoja.

Posho yaondolewa, milango yafunguliwa

Tusiusifu wakati huo kupita kiasi. Wanafunzi waliokuwa na kitanda, chakula na posho ya serikali walikuwa wachache sana kuliko vijana wote wa nchi. Mkulima wa pamba aliyelipa kodi alikuwa akimlipia kitanda mtoto wa mtu mwingine, huku mwanawe mwenyewe akiwa hajavuka darasa la saba. Bweni lilikuwa zuri kwa aliyekuwamo. Aliyekuwa nje hakuliona.

Walakini mambo yalipoharibika, yaliharibika kwa kishindo. Utawala wa Idi Amin kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, na vita vilivyofuata hadi mwaka 1986, viliiacha Uganda na hazina iliyokauka. Wakopeshaji wa kimataifa walishauri kwamba serikali ipunguze mzigo wa vyuo vikuu, na wanafunzi wachangie gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 posho zikaanza kukatwa, zikiwemo fedha za matumizi ambazo wanafunzi wa Makerere, kama wenzao wa Dar es Salaam, waliziita "bumu". Wanafunzi wakagoma. Mwezi wa Desemba mwaka 1990 polisi waliwafyatulia risasi, wanafunzi wawili wakafa, na chuo kikafungwa. Kwa mara ya pili katika historia hii fupi, suala la nani alipie maisha ya mwanafunzi likawa limemwaga damu.

Kisha mwaka 1992 yakaja mageuzi makubwa. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wengine katika masomo ya jioni, wakiongozwa na masomo ya sheria na biashara. Wazazi waliokuwa na uwezo walijitokeza kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wote walikuwa chini ya elfu kumi. Katika miaka ya 2000 walizidi elfu 30. Kabla ya miaka kumi kutimia, waliojilipia walikuwa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Chuo kilipata fedha za mishahara na vitabu, na maelfu ya vijana ambao zamani wangefungiwa nje walipata shahada. Hilo ni jambo la heri, wala asiyetenda haki ni yule anayelikana.

Ila mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Serikali na chuo vilihesabu viti vya darasani na ada itakayolipwa, vitanda havikuhesabiwa. Maelfu waliambiwa waje kusoma, na swali la watakapolala likaachwa chini ya kilima, lijibiwe na yeyote atakayeweza.

Kikoni yajibu

Waliojibu ni wenye viwanja. Kikoni iko magharibi mwa chuo, mara utokapo kwenye lango la upande huo. Hapo, na katika mitaa mingine inayokizunguka kilima, watu waliona wageni elfu nyingi wanaotafuta pa kulala, nao wakaukumbuka usemi wa wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba za kawaida zikabomolewa, yakainuka majengo ya ghorofa yenye vyumba vya mtu mmoja, wawili, watatu au wanne. Likazaliwa neno ambalo leo kila mzazi wa Uganda analijua: hosteli.

Hosteli nzuri ina mlinzi, matangi ya maji, jenereta na intaneti. Chumba cha bei ya juu kina choo na bafu ndani. Chini ya hosteli kwa bei kuna nyumba za vyumba vya mstari, ambapo chumba kimoja huitwa kwa Kiganda "muzigo". Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza atadhani linahusu shehena ya kubebwa kichwani. Kwa aliyewahi kukitafutia kodi chumba hicho kila mwezi, kosa hilo si kubwa sana.

Hapa tunapaswa kumtendea haki mwenye nyumba. Ni rahisi kumlaumu, lakini hebu tufanye naye hesabu. Muhula mmoja wa Makerere una majuma 17, na mwaka una mihula miwili. Hayo ni majuma 34. Mwaka una majuma 52. Kwa hiyo kitanda chake hulaliwa majuma 34 na hukaa kitupu majuma 18, ilhali mlinzi, maji, matengenezo na riba ya benki havina likizo. Mikopo ya ujenzi nchini Uganda ni ghali. Mwenye nyumba huyo atatafuta gharama ya mwaka mzima katika majuma 34, na atataka kodi ya muhula wote ilipwe mwanzoni, kabla mwanafunzi hajaingiza godoro.

Sasa tufanye hesabu ya mwanafunzi. Namba nitakazotaja ni za mfano tu, wala si bei za nyumba yoyote. Tuseme kitanda karibu na lango ni shilingi 800,000 za Uganda kwa muhula, na kitanda cha mbali ni shilingi 400,000. Atakayechagua cha mbali ataona ameokoa nusu. Lakini anapanda bodaboda kwa shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku tano kwa juma, kwa majuma 17. Hizo ni siku 85, na nauli yake ni shilingi 340,000. Jumla yake inafika shilingi 740,000. Ameokoa shilingi 60,000 tu, na amezilipia kwa saa alizopoteza njiani, kwa mvua, na kwa hatari ya barabara. Akiamua kutembea ili asilipe nauli, basi arudi na giza. Kijana wa kiume atasema, "Nitajikaza." Kwa binti anayetoka maktaba saa tatu usiku, kujikaza hakutoshi.

Unaona, basi, kwamba bei ya chumba peke yake haituambii kama chumba ni nafuu. Malazi ni nafuu pale ambapo kodi, nauli, maji na usalama, vikijumlishwa pamoja, havimlazimishi mwanafunzi kuuza chakula chake cha jioni. Aidha, malazi ni bora pale ambapo mtu anaweza kulala, kuoga, kusoma kwa taa na kufunga mlango bila hofu. Katika mabonde yanayozunguka kilima, kama Kivulu na lile la Katanga lililo kati ya chuo na Hospitali ya Mulago, vyumba vya bei ya chini vipo. Lakini mitaro yake hufurika mvua inyeshapo, na choo kimoja huhudumia watu wengi mno. Mwanafunzi anayepanga huko hujikuta akishindana juu ya chumba kimoja na mama muuza mboga na mfanyakazi wa hospitali, watu wasio na mahali pengine pa kwenda. Kwa njia hiyo chuo kisichojenga mabweni huwapandishia kodi hata maskini ambao hawajawahi kupita langoni mwake.

Meza ya watu wanane

Nilisema kwamba bweni la Makerere liliigwa kutoka Uingereza. Itafaa tuulize: Waingereza wenyewe walianzaje? Jibu lake huwashangaza wengi, kwa sababu chuo kikuu cha Oxford kilianza bila bweni hata moja. Miaka 800 iliyopita wanafunzi wake walipanga vyumba katika nyumba za watu wa mji, kama vile wa Kikoni wapangavyo leo. Na ugomvi ulikuwa ule ule: wanafunzi walidai kodi ni ya kuwakamua, na wenyeji walidai wanafunzi ni wakorofi.

Mwaka 1209 ugomvi huo ulifikia kilele. Mwanafunzi mmoja alishukiwa kumuua mwanamke wa mjini, akatoroka. Watu wa mji walipomkosa, waliwakamata wenzake waliokuwa wamepanga naye nyumba moja na, kwa idhini ya Mfalme John, wakawanyonga. Walimu na wanafunzi waliukimbia mji. Baadhi yao walikwenda Cambridge, na huo ukawa mwanzo wa chuo kikuu cha huko. Oxford ikabaki na vyumba vitupu na wafanyabiashara wasio na wateja.

Mwaka 1214 mjumbe wa Papa, Askofu Nicholas wa Tusculum, alitoa hukumu ya kuwapatanisha. Aliagiza kwamba kwa miaka kumi wanafunzi walipe nusu tu ya kodi iliyokuwa ikitozwa kabla ya ugomvi. Kwa miaka kumi iliyofuata wangelipa kodi kamili ya zamani, wala isingezidi hapo. Nyumba zilizojengwa baadaye zingepangiwa kodi na watu wanane: wanne kutoka upande wa walimu wa chuo na wanne kutoka upande wa wenyeji. Fauka ya hayo, mji ulitakiwa kutoa fedha kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini na kuwauzia chakula kwa bei ya haki. Mwaka 1231 Mfalme Henry wa Tatu aliwaandikia viongozi wa mji wa Cambridge kwamba kodi za huko zimezidi, nazo zipangwe na watu wanne: walimu wawili na wenyeji wawili.

Tuitazame meza hiyo ya watu wanane kwa makini. Nyumba ilibaki kuwa mali ya mwenyewe, hakunyang'anywa. Mwanafunzi hakupewa chumba cha bure, ila alipewa watu wa kumsemea mahali bei inapopangwa. Mji na chuo vilikubali kwamba kodi ya mwanafunzi si siri ya watu wawili mlangoni. Ni jambo la hadhara linalohusu uhai wa mji wote. Mabweni ya kifahari ambayo watalii huyapiga picha leo yalikuja baadaye, na kwa muda mrefu yalikuwa ya wachache.

Afrika ya Mashariki ililirithi bweni la Kiingereza pamoja na ukumbi wake wa chakula. Meza ile haikuirithi. Kwa hiyo bweni lilipojaa, hatukuwa na kitu kingine mkononi isipokuwa soko.

Majirani na sheria

Zipo njia nyingine zilizojaribiwa karibu nasi. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, kisha kila kimoja kikashika njia yake. Dar es Salaam nayo ilizidiwa na wanafunzi waliolazimika kupanga mitaani. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 yalizinduliwa hapo mabweni mapya 20 yaliyojengwa na serikali, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Hatua hiyo inaonyesha kwamba serikali ikiamua, vitanda hujengwa. Walakini hakuna serikali ya kanda yetu itakayoweza kumjengea kila mwanafunzi kitanda, na wale watakaobaki mitaani bado watahitaji haki zao.

Uganda kwa upande wake ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Sheria hiyo inazuia kodi ya nyumba kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inamtaka mwenye nyumba apate amri ya mahakama kabla ya kumfukuza mpangaji. Ni ushahidi kwamba dola imekubali kuingia katika suala la kodi. Lakini sheria ya nchi nzima haikutungwa kwa ajili ya mwanafunzi peke yake. Haimsaidii kujua, kabla hajafika mjini, chumba kipi kimekaguliwa na kipi kina mlango mmoja tu wa kukimbilia moto ukizuka.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo manne, nami nakuomba uyapime.

Kwanza, chuo kinapotangaza nafasi za masomo kitangaze pia idadi ya vitanda vyake, na wastani wa kodi katika mitaa inayokizunguka. Mzazi wa Arua au Kabale anayeuza ng'ombe wawili kulipa ada ana haki ya kujua mapema kwamba ng'ombe wa tatu atahitajika kwa ajili ya chumba.

Pili, iundwe meza yetu wenyewe: wawakilishi wa chuo, wa wanafunzi, wa wenye hosteli na wa mamlaka ya jiji, kwa idadi sawa. Meza hiyo ikague maji, vyoo, taa na milango ya dharura, na itoe orodha ya nyumba zilizofaulu pamoja na kodi zake. Mwenye nyumba aliyefaulu atapata wapangaji bila kumlipa dalali, na mwanafunzi atapata chumba bila kutapeliwa.

Tatu, tusisahau yale majuma 18. Chuo kikipeleka washiriki wa mafunzo ya likizo na mikutano katika hosteli hizo, kitanda kitafanya kazi mwaka mzima. Hapo mwenye nyumba atakuwa na nafasi ya kupunguza kodi ya muhula bila kufilisika. Haki inayomfilisi mmoja wa wahusika haidumu.

Nne, mwanafunzi mwenyewe ajifunze uraia kuanzia mlangoni pake. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Dai risiti kila ulipapo. Usilipe amana ya chumba ambacho hujakiona. Na wakati wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, muulize mgombea ana mpango gani kwa wale wasiolala kilimani, maana ndio walio wengi, ingawa kelele za kampeni aghalabu hutoka mabwenini.

Ndugu msomaji, wale vijana 14 wa mwaka 1922 walijifunza useremala na ujenzi. Waliweza kutengeneza kitanda na kujenga nyumba ya kukiweka. Wajukuu zao wamesoma sheria, uchumi, uhandisi na utawala, na bado kitanda kinawashinda. Ufundi hatujaukosa. Tumekosa kuketi pamoja. Oxford iliketi baada ya watu kunyongwa. Sisi tumekwisha kumzika Nsibirwa na tumewazika vijana wawili wa mwaka 1990. Hatuna haja ya kungoja msiba mwingine ndipo tuvute viti.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya shule ya kutwa na shule ya bweni. Kwa nini mwandishi anasema wanafunzi wengi wa leo "wamekuwa tena wa kutwa"?

2. Neno "kodi" lina maana mbili katika makala haya: malipo ya mkulima kwa serikali na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Tunga sentensi mbili zinazoonyesha maana hizo.

3. Rudia hesabu ya nauli kwa kutumia bei za mtaa wako. Je, chumba cha mbali bado ni nafuu?

4. Kama ungekuwa mmoja wa watu wanane mezani, ungeketi upande gani, na jambo gani ungelisema kwanza?